Kuandaa kongamano la dini mpya mjini Malindi, hatua kwa hatua

Mtu akisema analeta Malindi kongamano la wasomi kuhusu dini mpya na mambo ya kiroho, wenyeji husikia neno moja: Shakahola, msitu walikokufa wafuasi wa mhubiri mmoja, wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa. Kuanzia Aprili 2023 miili iliyofukuliwa katika msitu ule ililetwa hapa mjini, ikalazwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali, na hesabu ikapita 400, watoto wakiwa wengi. Familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, maana vipimo vya DNA vilichukua muda mrefu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, upande huohuo wa Chakama. Kwa hiyo mgeni anayekuja kujadili dini mpya hapa ajue anaingia nyumba yenye matanga, hata kama mada yake inahusu Japani au Marekani.

Nilikuwa kwenye kamati ya kongamano la namna hii, dogo, la watu arobaini hivi na siku tatu. Yapo tuliyokosea, mengine tukayarekebisha tukiwa tayari ukumbini. Laiti mtu angeniambia haya mapema.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha uliulize kama lina haja ya kuja Malindi

Mwaka mmoja kabla, kaeni watu watatu au wanne mwandike swali la kongamano kwa sentensi moja ya Kiswahili. Kama haliandikiki kwa Kiswahili, bado hamjalielewa. Letu lilikuwa hili: watu hujiungaje na kundi jipya la dini, hukaaje, na hutokaje?

Kisha jiulizeni kwa nini lisijadiliwe Nairobi. Kama jibu ni bahari na bei ya hoteli, nendeni Nairobi. Jibu linalofaa ni kwamba hapa kuna watu wenye la kusema na wenye la kuuliza, nao hawana nauli ya kufuata makongamano mahali pengine.

Jihadharini pia swali lisimezwe na Shakahola. Kenya ina historia ndefu ya dini zilizozaliwa hapahapa: Nomiya ilianza upande wa Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20, Waakorino wakatokea Gikuyuni miaka ya 1920, Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ikapigwa marufuku na wakoloni, Legio Maria ikajitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960. Mamilioni ya watu wamezaliwa, wakaoa na kuzikwa ndani ya makanisa ya namna hii bila kumdhuru mtu. Mkiwaweka wote kwenye kikapu kimoja na msitu ule, mtakuwa mmewadhulumu, na kongamano lenyewe halitakuwa limefundisha kitu.

Hatua ya 2: Kubalianeni maneno kabla ya kutoa mwito wa mada

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo tulipopoteza muda mwingi na ndipo tulipojifunza mengi.

Wasomi wa nchi za Magharibi walianza kusema "harakati mpya za kidini" kwa sababu majina ya zamani yalikuwa yamegeuka matusi. Huko London, mwanasosholojia Eileen Barker alianzisha kituo cha Inform mwaka 1988 ili familia, polisi na waandishi wapate habari zilizochunguzwa kuhusu makundi haya badala ya uvumi. Mwaka huohuo CESNUR, kituo kingine cha kuchunguza dini mpya, kilianzishwa Turin, Italia. Huko mjadala wa maneno una miaka mingi. Sisi tuna wetu, na haufanani na wao.

Chukua "dhehebu". Magazeti yetu yaliandika "dhehebu potovu" mpaka neno lenyewe likaanza kunuka. Lakini kwa shehe wa Malindi au Lamu, madhehebu ni Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali, njia za elimu zenye heshima. Kwa mchungaji, dhehebu ni Anglikana au Methodisti. Tuliliondoa kabisa kama jina la makundi haya. Tukajaribu "dini mpya", mzee mmoja akauliza kama Legio Maria, yenye zaidi ya miaka sitini, bado ni mpya. Tukajaribu "imani kali", tukaona tumeshahukumu kabla ya kusikiliza. Mwisho tulichagua "vikundi vipya vya dini" kwa jumla, na kila kikundi kikaitwa kwa jina linalotumiwa na watu wake.

Neno la kuingia kwenye imani ni gumu zaidi. Kiswahili hakina neno la katikati. Mtu husilimu, au huokoka, au hubatizwa; kila neno lina mlango wake na nyumba yake. Mwasilishaji akisema wafuasi wa kikundi fulani "waliokoka", amesimama upande wao bila kujua. Tulikubaliana kusema "kujiunga" na "kutoka". Vivyo hivyo "karama": kwa msomi ni mvuto wa kiongozi, kwa Mpentekoste ni kipawa cha Roho Mtakatifu. Na "roho" yenyewe, mbele ya Mgiriama anayewakumbuka koma wake, roho za wazee waliokufa, kwa vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, haisimami peke yake.

Halafu "kufunga". Kwa Mwislamu ni nguzo ya dini, kwa Mkristo ni sala ya mwili. Ni neno jema ambalo limetiwa doa, na wengi hapa wanaona uchungu likitumiwa kama jina la kifo. Tulikubaliana kusema wazi "kufa kwa njaa" pale ambapo watu walikufa kwa njaa.

Andikeni maneno haya kwenye ukurasa mmoja, muuambatishe na mwito.

Hatua ya 3: Chagueni tarehe mkiwa na kalenda tatu mezani

Kongamano la dini lina shida ya wikendi: Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Waadventista na makanisa mengine ya Sabato, Jumapili ni ya waliobaki. Kwa hiyo Jumanne hadi Alhamisi.

Epukeni Ramadhani na wiki ya Pasaka. Epukeni pia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, maana nusu ya masharifu na mashehe mtakaowaalika watakuwa Lamu, Msikiti wa Riyadha. Masika, kuanzia Aprili, hoteli hushusha bei, lakini njia za bara huharibika na familia za vijijini hazifiki. Desemba ni ya watalii. Sisi tulichagua Oktoba, kusi limepungua na joto kali halijaja.

Aprili ina sababu nyingine ya kuachwa. Msifanye kumbukumbu ya watu wengine kuwa tarehe ya mkutano wenu, isipokuwa wenyewe wameomba.

Hatua ya 4: Ruhusa

Kongamano ni mazungumzo, utafiti ni kitu kingine. Kama kuna mgeni anayetaka kuwahoji watu akiwa hapa, lazima awe na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chake. Mwambieni mapema, kwa barua. Sauti na picha za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na imani ya mtu iko kwenye fungu la taarifa nyeti.

Nendeni kwa chifu na kwa kituo cha polisi mkiwa na programu mkononi, hata kama hamjatakiwa kwenda. Mkutano wa dini unaofanyika kimyakimya Malindi huzua maswali, na maswali hayo yana haki yake.

Hatua ya 5: Mwito na uchaguzi wa ikisiri

Mwito utoke kwa Kiswahili na Kiingereza siku moja. Ikisiri, yaani muhtasari wa mada, isizidi maneno 250, na ijibu maswali mawili zaidi ya yale ya kawaida: ulizipataje habari zako, na nani alikubali uzitumie?

Swali la pili lilituchujia theluthi ya maombi. Kulikuwa na watu waliokuwa wamekusanya video za mitandaoni za jamaa wakilia, wakaziita data. Tuliwaandikia kwa heshima kwamba hatuwezi. Tulikataa pia mada zilizokuja na hukumu mfukoni, za pande zote mbili: anayesema makanisa madogo yote ni ulaghai, na anayesema kwa kuwa Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dini basi serikali isiguse chochote. Kifungu hicho kinalinda kuamini na kuabudu. Mtoto aliyenyimwa chakula ana vifungu vyake pia, na mtafiti makini huviweka pamoja aone vinavyosukumana wapi.

Kwenye vichwa vya mada tuliweka sharti moja: jina la mhubiri wa Shakahola lisiwe kichwa. Ndani ya mada litajwe panapohitajika. Jina lake linajulikana dunia nzima, na waliokufa wengi wao hawajulikani hata mtaa wa pili.

Hatua ya 6: Ukumbi

Kagueni ukumbi saa nane mchana, siyo asubuhi. Saa hizo ndipo utajua kama feni zinazidi kipaza sauti na kama stima ikikatika jenereta inawaka yenyewe. Tafuteni ukumbi wenye mlango wa nyuma, ili mtu aliyelemewa atoke bila kupita mbele ya macho ya wote.

Wekeni chumba cha sala chenye mikeka na maji ya udhu karibu. Kibla ya Malindi ni kaskazini, bandikeni alama ukutani kwa ajili ya wageni. Chumba kingine kidogo kiwe cha mshauri nasaha, akae hapo siku zote tatu, alipwe kama mtaalamu yeyote. Sisi tulimleta siku ya pili tu. Sababu naieleza sasa.

Siku ya kwanza, saa nne, mwasilishaji kutoka nje alikuwa akieleza jinsi vyombo vya habari vilivyoripoti mkasa. Bila kutuambia, aliweka kwenye skrini picha ya mashimo na mifuko myeupe. Mama mmoja wa hoteli alikuwa akigawa chai nyuma. Aliiweka birika chini taratibu, akatoka. Nilimkuta nje chini ya mwarobaini. Akaniambia, "Mwanangu, ungeniambia mapema, ningemwomba mwenzangu anishikie." Watoto wawili wa dadake walikuwa bado hawajapatikana.

Sisi tulikuwa tumejadili maadili ya utafiti kwa miezi. Hatukuwa tumewafikiria wanaotuhudumia kama watu wanaosikia. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: mada hii inaweza kusemwa mbele ya anayeleta chai? Kama haiwezi, basi irekebishwe. Adhuhuri ile tulitangaza kwamba picha zote zipite kwa kamati kwanza, na picha za maiti, makaburi na watoto zisionyeshwe kabisa. Mwasilishaji aliomba radhi, mbele ya watu, na nilimheshimu kwa hilo.

Kwa hiyo kabla ya kongamano kutaneni na wafanyakazi wa ukumbi, wapishi na madereva. Waelezeni mada kwa lugha yao, na asiyetaka zamu hiyo apangiwe nyingine bila kupoteza siku yake ya mshahara.

Hatua ya 7: Ukalimani

Kiswahili na Kiingereza havitoshi. Baadhi ya wazee wa bara huzungumza kwa uhuru wao wote katika Kigiriama. Tafuteni wakalimani wawili wapokezane kila nusu saa, na wapewe mada siku tatu kabla pamoja na ule ukurasa wa maneno. Mwasilishaji asiyetuma mada yake mapema azungumze polepole zaidi na kwa dakika chache zaidi. Tulilisimamia hilo bila huruma, na lilifaa.

Hatua ya 8: Programu

Mada tatu kwa kila kikao, dakika ishirini kila moja, kisha maswali nusu saa. Saa sita na nusu mchana mnasimama, hata kama kuna mtu katikati ya jambo zuri, na hakuna kikao kinachorudi kabla ya saa nane.

Nani aombe dua ya ufunguzi? Ni swali dogo linaloweza kuvunja asubuhi. Sisi tulianza kwa dakika moja ya kimya, kila mtu na Mola wake, na hakuna aliyelalamika.

Alasiri ya siku ya pili iwe ya wenyeji, na hapa nawasihi mgeuze viti. Kawaida huitwa "ushuhuda": mwathiriwa anasimama, anasimulia, wasomi wanaandika, anapigiwa makofi, anarudi kwao akiwa amefukuliwa upya. Sisi tulifanya baraza. Familia, manusura, viongozi wa makanisa madogo, maimamu na wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, walikaa mduara wa ndani, nao ndio waliouliza. Wasomi walijibu. Asiyetaka kusema alikaa kimya. Mkatekista mmoja aliuliza atamjuaje kijana anayeanza kujitenga na nduguze kabla hajauza mali. Wasomi watatu walijibu, na wawili walikiri kwamba vitabu vyao vinaeleza vizuri baada ya jambo kutokea kuliko kabla. Lilikuwa jibu bora la siku tatu zile.

Wawakilishi wa vikundi vinavyojadiliwa waalikwe pia. Mzee wa Kiakorino mwenye kilemba chake ana haki ya kusikia anachosemwa na kusahihisha. Mwenyekiti wa kikao asiruhusu mtu kumweka kizimbani.

Posho ni moja kwa wote. Mvuvi au mkulima aliyeacha kazi yake siku nzima alipwe kiasi kilekile anacholipwa daktari wa falsafa, na nauli yake apewe akifika, kabla ya chakula, mkononi.

Kuhusu kesi zilizo mahakamani: asubuhi ya kila siku mtu mmoja wa kamati aangalie zimefika wapi. Anayeshtakiwa aitwe mshtakiwa. Wanahabari wakaribishwe saa ya kwanza tu, na kwenye baraza kusiwe na kamera.

Hatua ya 9: Chakula na malazi

Nyama iwe halali, na kuwe na chakula kamili kisicho na nyama. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi na samaki mchana, matunda tele. Msiwashurutishe watu kula wala kuwauliza kwa nini hawali. Wageni wa Nairobi wanaweza kupanda treni ya Madaraka hadi Miritini kisha matatu, kilomita kama 120 kutoka Mombasa, au ndege hadi Malindi yenyewe. Waambieni wabebe nguo za heshima kwa mitaa ya zamani.

Hatua ya 10: Matembezi

Kila mwaka kutakuwa na mgeni atakayeomba kupelekwa Shakahola. Jibu ni hapana. Msitu ule ni makaburi, na basi la wasomi wenye simu mkononi halina kazi pale.

Wapelekeni kwa miguu ufukweni. Ndani ya saa mbili mtaona nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika 1498, yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Kanisa dogo la Wareno, linalotajwa pamoja na Mtakatifu Francis Xavier aliyepita hapa 1542 akielekea India. Na Msikiti wa Ijumaa wenye makaburi ya nguzo, mkongwe kuliko vyote viwili. Profesa mmoja alisimama pale kimya, kisha akasema ataandika upya sehemu ya kwanza ya mada yake, ile iliyokuwa ikisema dini "mpya" zimevamia pwani yenye imani zisizobadilika.

Mkitaka kwenda kaya, ombeni kwa wazee wiki kadhaa kabla. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini mwenye funguo ni mzee, siyo UNESCO. Mtavua viatu, mtafuata njia moja, na mtapiga picha pale tu mtakaporuhusiwa. Ikiwa ni Kaya Fungo, someni kwanza habari za Mekatilili wa Menza, aliyewakusanya Wagiriama wakala kiapo mwaka 1913, na jinsi Waingereza walivyoilipua kaya hiyo kwa baruti mwaka 1914. Dola iliogopa kusanyiko la kiroho ikalipiga kabla ya kulielewa. Anayetaka sheria kali kwa makanisa leo, na anayezipinga, wote wawili wana cha kufikiri pale.

Msitoke na kitu chochote. Vigango vya Wagiriama viliibwa makaburini vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani, na vichache ndivyo vimerudishwa. Wazee hawajasahau.

Hatua ya 11: Mrejesho

Ndani ya miezi mitatu andikeni kurasa mbili za Kiswahili chepesi: nani alisema nini, tulikubaliana nini, tulibishana wapi. Zisomwe kwenye baraza la chifu, nakala zipelekwe misikitini, makanisani, na kwa wafanyakazi wa ukumbi ule. Aliyerekodiwa apewe sauti yake aisikie kabla haijatumiwa, na akitaka ifutwe, ifutwe.

Mwisho, kusanyeni maswali ya baraza ambayo hayakujibiwa, myaandike kwa maneno ya waliouliza, na yawe ndiyo mwito wa kongamano lijalo. Yetu yalikuwa kumi na saba. La kwanza liliulizwa na yule mama wa birika, aliyekubali kukaa kwenye mduara siku ya pili: dadangu alikuwa amesoma kuliko sisi sote, ndiye aliyekuwa akitusomea barua, ni nani aliyemwambia jambo ambalo sisi hatukumwambia?